Kama Miguel Angeishi: Mataji Matatu ya Iberia na Mtoto Aliyefia Granada

Ndugu mwenyekiti, walimu wangu, wanafunzi, na nyote mlioitika mwaliko huu: asalaam aleikum, Bwana asifiwe, na hamjambo.

Nimeombwa nizungumze juu ya historia mbadala, yaani kule kuuliza "ingekuwaje kama?", na nimeachiwa uhuru wa kuchagua pa kuanzia. Nimechagua rasi ya Iberia, yaani Hispania na Ureno za leo, mwishoni mwa karne ya 15, na ndani yake nimemchagua mtoto mmoja ambaye hakufikisha hata miaka miwili. Jina lake Miguel da Paz. Alizaliwa Zaragoza tarehe 23 Agosti 1498, akafa Granada mwezi Julai 1500. Katika uhai huo mfupi falme tatu zilimwapia kuwa mrithi wao: Aragon, Castilla na Ureno. Kabla yake hapakuwa na mtu aliyewahi kuapiwa na zote tatu.

Naamini kwa dhati kwamba swali la "ingekuwaje" ni zana halali ya mwanahistoria, lakini lina masharti yake. Badilisha jambo moja tu, kisha fuata hati. Ndoa za kifalme za enzi zile zilikuwa mikataba yenye vifungu, ruhusa za Papa, viapo vya mabaraza na wosia wa marehemu. Karatasi hizo ndizo zinazotuonyesha njia ipi ingefunguka na ipi ingebaki imefungwa. Mtu akiziruka, anabaki na ramani aliyoipaka rangi moja kwa matamanio yake.

Tuanze na babu na bibi yake. Oktoba 1469, mjini Valladolid, Isabel wa Castilla aliolewa na Fernando wa Aragon. Binti alikuwa na miaka 18, kijana 17. Mfalme Enrique wa Nne, kaka yake Isabel kwa baba, alikuwa na mipango mingine kabisa. Alitaka dada yake aolewe na Afonso wa Tano wa Ureno, mjane aliyemzidi miaka 19. Fernando akalazimika kuingia Castilla kwa siri, akijifanya mtumishi wa wafanyabiashara. Tena wachumba hao walikuwa na udugu wa damu ambao sheria ya Kanisa iliukataza bila ruhusa ya Papa. Hati iliyosomwa siku ya harusi ilikuwa ya kughushi. Ruhusa ya kweli ilikuja mwaka 1471 kutoka kwa Papa Sixtus wa Nne, wakati bibi harusi ameshazaa. Ndoa ambayo vitabu vya shule huitaja kama msingi wa Hispania ilianza hivyo.

Enrique alipofariki mwaka 1474, wadai wa kiti walikuwa wawili: Isabel, na Juana, binti wa Enrique mwenyewe, msichana ambaye maadui wa baba yake walidai kwamba si damu ya mfalme. Mwaka uliofuata Juana, akiwa na miaka 13, aliozwa kwa Afonso yuleyule wa Ureno, ambaye alikuwa mjomba wake. Vita vikaendelea mpaka 1479. Amani ikaandikwa Alcáçovas, na ningependa kila mwanafunzi wa historia hapa azisome hati zake, kwa sababu mapatano yaleyale yaliamua hatima ya wasichana wawili na ya bahari nzima. Castilla ilipewa visiwa vya Canarias. Ureno ilipewa bahari ya kusini yake na pwani ya Guinea. Juana alitakiwa achague kati ya nyumba ya watawa na kungoja mtoto mchanga wa Isabel akue aje amuoe, akachagua utawa. Na binti mkubwa wa Isabel na Fernando, naye akiitwa Isabel, akaahidiwa kwa mjukuu wa Afonso, mwana wa mfalme aliyeitwa pia Afonso.

Huyu Isabel mdogo ndiye mama wa Miguel, na moyo wangu uko kwake zaidi kuliko kwa mfalme yeyote nitakayemtaja leo. Aliolewa Ureno mwaka 1490 akiwa na miaka 20. Kwa kila dalili, ndoa ile iligeuka kuwa ya mapenzi. Julai 1491 mumewe akaanguka kutoka kwenye farasi kando ya mto Tagus, karibu na Santarém, akafa. Isabel akarudi kwa wazazi wake amekata nywele, amevaa nguo za majonzi, akisema hataolewa tena na kwamba anataka utawa. Wazazi hawakumruhusu. Binti wa kifalme aliyekuwa mjane bado alikuwa na thamani mezani, na hao waliokaa mezani walikuwa baba na mama yake.

Mwaka 1495 João wa Pili wa Ureno alifariki bila mtoto halali aliye hai. Akarithi binamu yake Manuel, na posa yake ya kwanza ikaenda kwa Isabel. Ili ndoa ipite, upande wa binti ulidai kwamba Ureno isafishwe: waondolewe waliokimbia Baraza la Kuhukumu Imani la Castilla, na Wayahudi kwa jumla. Mkumbuke kwamba Wayahudi wengi walikuwa wamekimbilia Ureno baada ya kufukuzwa Castilla na Aragon mwaka 1492. Desemba 1496 Manuel akatoa amri ya kuwafukuza. Mwaka 1497 hakuwaacha hata waondoke kwa amani. Watoto walinyang'anywa wazazi wao na kubatizwa kwa nguvu, kisha watu wazima nao wakalazimishwa. Tunapozungumza juu ya ndoa za wafalme kama hadithi za kupendeza za harusi na mavazi, tunawasahau watu hawa. Gharama ya harusi ile waliilipa wao, na hawakualikwa.

Harusi yenyewe ilifungwa mpakani, Valencia de Alcántara, mwishoni mwa Septemba 1497. Siku chache baadaye, tarehe 4 Oktoba, Juan, kaka wa bibi harusi na mrithi pekee wa kiume wa Castilla na Aragon, akafa Salamanca akiwa na miaka 19. Alikuwa ameoa mwezi Aprili mwaka uleule, na mkewe, Margaret wa Austria, alikuwa mjamzito. Mtoto akazaliwa amekufa. Kwa hiyo yule mjane aliyetaka kuwa mtawa akawa, katika majira ya baridi moja tu, malkia wa Ureno na mrithi wa Castilla na Aragon.

Castilla haikuwa na shida naye. Sheria zake za tangu karne ya 13 zilimtambua mwanamke kuwa mrithi pale asipokuwepo ndugu wa kiume, na Aprili 1498 Cortes, yaani baraza la wakubwa, maaskofu na wawakilishi wa miji, lilimwapia Toledo. Aragon ilisita. Wakuu wa Aragon walikuwa watu wa kushika mapokeo, na mapokeo yao hayakuwa wazi juu ya malkia mtawala. Wakakaa Zaragoza wakibishana kwa miezi, huku tumbo la Isabel likikua mbele yao. Wengine waliona ni busara kungoja tu. Akizaa mtoto wa kiume, ubishi umekwisha.

Akazaa mtoto wa kiume. Akafa muda mfupi baadaye, bado Zaragoza, akiwa na miaka 27. Ubishi ukaisha kweli. Septemba Aragon ikamwapia Miguel. Januari 1499 Castilla ikamwapia Ocaña. Machi 1499 Ureno ikamwapia Lisbon, na hapo Manuel akatoa ahadi ya maandishi ambayo itatufaa sana baadaye: hata falme zikija kuungana chini ya mwanawe, vyeo na serikali ya Ureno vitabaki mikononi mwa Wareno.

Nieleze kidogo kwa nini habari hii inatuhusu sisi watu wa pwani ya Bahari ya Hindi. Aprili 1498 meli za Vasco da Gama zilitia nanga Mombasa, kisha Malindi. Siku Miguel anazaliwa, Gama alikuwa bado pwani ya Malabar, India. Mwezi Julai 1500, mtoto anapofariki, msafara wa Pedro Álvares Cabral ulikuwa unaikaribia Kilwa. Miaka ya Miguel ndiyo miaka ya kwanza ya Wareno kwetu. Ndiyo maana mara nyingi naulizwa: mtoto huyu angeishi, je, pwani ingepona?

Nitalijibu. Kwanza tutengeneze msingi.

Jambo moja tunalobadilisha ni hili: ugonjwa wa Julai 1500 haumuui. Watoto wengi walikufa wakati ule, hata wa kifalme, kwa hiyo kupona kwake kungekuwa bahati ya kawaida, si muujiza. Tusiongeze lolote. Isabel bibi anafariki kama alivyofariki, Novemba 1504. Fernando anafariki Januari 1516. Manuel anafariki Desemba 1521. Tarehe hizi hazitegemei sana uhai wa mtoto, ingawa nakubali kwamba majonzi nayo huua, na Isabel wa Castilla alizika watu wengi ndani ya miaka michache.

Mwaka 1504 Miguel ana miaka sita na ni mfalme wa Castilla. Nani anatawala kwa niaba yake? Nadhani kwa swali hili kesi nzima husimama au huanguka. Manuel alipoondoka kurudi Ureno mwaka 1498, mtoto alibaki kwa babu na bibi yake, na kwa Fernando hilo lingekuwa silaha kubwa. Sheria na desturi zingemtazama baba kwa heshima yote, lakini aliyemshika mtoto ndiye aliyeshika muhuri. Fernando alikuwa ameitawala Castilla pamoja na mkewe kwa miaka 30, anawajua wakubwa wake wote na madeni yao. Sioni Manuel akivusha jeshi kumdai mwanawe. Alikuwa na meli za kupeleka India, na mtoto alikuwa mrithi wake kwa vyovyote. Naona barua nyingi, mabalozi wengi, na makubaliano: Fernando mlezi na mtawala hadi mvulana akue, Manuel aridhike kwamba Castilla haitamgusa baharini.

Sasa kuna jambo ambalo wengi wanaofanya zoezi hili hulisahau. Katika historia halisi, aliyerithi Castilla mwaka 1504 alikuwa Juana, binti wa pili wa Isabel, aliyekuwa ameolewa mwaka 1496 na Philip wa Habsburg, bwana wa Burgundy na Nchi za Chini, yaani Uholanzi na Ubelgiji za leo. Mtoto wao Carlos, ambaye wengi mnamjua kama Charles wa Tano, alizaliwa Ghent Februari 1500, miezi mitano tu kabla ya Miguel kufa. Philip alikwenda Castilla mwaka 1506 kudai taji la mkewe, na Septemba mwaka huohuo akafa kwa homa mjini Burgos akiwa na miaka 28. Basi watu humwacha Miguel aishi, halafu bado wanamuua Philip Burgos! Lakini Miguel akiwa hai, Juana si malkia wa Castilla. Philip hana cha kudai huko, na hana safari. Homa ya Burgos haimkuti.

Tazameni jinsi uzi huu unavyokwenda mbali. Maximilian, baba yake Philip, alifariki Januari 1519, na uchaguzi wa mfalme wa Ujerumani ukafanyika Juni. Katika historia halisi mgombea wa Habsburg alikuwa Carlos, kijana wa miaka 19, mfalme wa Hispania, aliyenunua kura za wateule, yaani wakuu wenye haki ya kumchagua mfalme huyo ambaye ndiye huwa kaizari, kwa fedha nyingi ambazo sehemu kubwa yake alikopeshwa na nyumba ya benki ya Fugger ya Augsburg, na baadaye mapato ya Castilla yakasaidia kulilipa deni lile. Katika historia yetu mbadala mgombea ni Philip, mtu mzima wa miaka 40, anayemiliki Antwerp, Ghent na Brussels, lakini hana hata mji mmoja wa Castilla. Naamini angeshinda. Fugger alikuwa na migodi ya fedha ya Tirol mikononi mwake na hangependa taji liende kwa François wa Kwanza wa Ufaransa. Wateule nao wangemwogopa kidogo kuliko walivyomwogopa Carlos, na anayeogopwa kidogo huuziwa kura kwa bei nafuu.

Na kaizari wa namna hii angekaa wapi? Angekaa Ujerumani na Nchi za Chini, kwa kuwa hana kwingine. Carlos halisi alimsikiliza Martin Luther pale Worms mwaka 1521, akatoa hukumu dhidi yake, kisha mwaka 1522 akaenda Hispania na kukaa huko hadi 1529. Miaka ile saba ndiyo iliyowapa watawala wa Kijerumani na miji yao nafasi ya kujenga makanisa mapya bila kaizari kuwepo. Sidai kwamba kaizari aliyekuwepo angelizima vuguvugu la Luther. Moto ule ulikuwa na kuni za miaka mingi. Ninachodai ni kwamba ugomvi ungekuja mapema na kwa karibu zaidi, na bila askari wa Kihispania. Vita vya kidini vya Ujerumani vingekuwa vya Wajerumani wenyewe tangu mwanzo.

Kule Nchi za Chini tofauti ingekuwa kubwa zaidi. Kisa cha uasi wa Waholanzi kinaanza na mtawala anayeishi Madrid, Felipe wa Pili, mwana wa Carlos, anayetuma jeshi la jemadari wake Alba mwaka 1567 na kodi za kulilisha. Watoto wa Philip wa Burgundy wangekaa Brussels, wakizungumza lugha za huko. Ugomvi wa kodi na dini ungekuwepo, maana Ghent haikupata kuwa mji mpole. Lakini vita vya miaka 80, kutoka 1568 hadi 1648, vilihitaji mfalme wa mbali mwenye fedha ya Amerika, na mfalme huyo hayupo.

Turudi kwa Miguel. Mwaka 1516, akiwa na miaka 17, anarithi Aragon pamoja na Sicilia, Sardinia na Napoli. Kijana huyu amelelewa Castilla. Kwa hiyo naona hata uasi wa miji ya Castilla wa mwaka 1520, ule wa Comuneros, usingetokea kwa sura tuliyoijua. Uasi ule ulichochewa na mfalme mgeni aliyekuja na watu wake kutoka Flanders, katika Nchi za Chini, akawagawia vyeo, akadai kodi ili akatafute taji la Ujerumani. Miguel hana Wafleming na hataki taji la Ujerumani. Kama miji ingelalamika, ingelalamikia Wareno waliojaa kwenye korido za ikulu baada ya 1521.

Katika miaka ile mitano, kati ya 1516 na 1521, mwana anatawala Castilla na Aragon huku baba anatawala Ureno. Sasa mfikirieni Fernando de Magalhães, ambaye ulimwengu unamwita Magellan. Alikuwa Mreno, alikosana na Manuel, akaenda Castilla mwaka 1517 kuuza wazo lake la kufika visiwa vya viungo kwa kuelekea magharibi. Carlos alimkubali, na meli zikaondoka Septemba 1519. Je, Miguel angemkubali? Biashara ya viungo ya Lisbon ni ya baba yake, na kesho ni yake. Angelipia meli tano ili zikamshindanie urithi wake mwenyewe? Mimi nasema hapana, na kati ya yote ninayoyasema leo, hili ndilo ninaloliamini zaidi. Safari ya kwanza ya kuizunguka dunia ingechelewa. Na mkataba wa Zaragoza wa mwaka 1529, ambapo Ureno ililipa dukati 350,000 ili Castilla iache madai yake Maluku, visiwa vilevile vya viungo, usingeandikwa kamwe. Mstari wa Tordesillas wa 1494, uliogawa dunia kati ya falme mbili, ungebaki kuwa mpaka kati ya ofisi mbili za mfalme mmoja.

Mtu ataniuliza: si ndiyo Hispania moja, basi, kuanzia Lisbon hadi Barcelona? Sivyo. Kumbukeni ahadi ya Machi 1499. Aragon na Castilla zenyewe, baada ya Fernando na Isabel, zilibaki na sheria mbalimbali, mabaraza mbalimbali na ushuru mpakani. Aragon yenyewe ilikuwa ndani yake na Valencia na Catalonia, kila moja na desturi zake. Miguel angekuwa mfalme mara nyingi, kila mahali kwa kiapo cha pale. Felipe wa Pili alipopata Ureno hatimaye, baada ya mfalme Sebastião wa Ureno kufa vitani Alcácer Quibir Agosti 1578 na mrithi wake, Kardinali Henrique, kufariki Januari 1580, aliapa mbele ya Cortes ya Tomar mwaka 1581 kwa masharti yanayofanana na yale ya Manuel. Tofauti ni kwamba Felipe alitanguliza jeshi la Alba, lililoshinda Alcântara, nje kidogo ya Lisbon. Muungano wake ulidumu miaka 60, ukavunjika tarehe 1 Desemba 1640.

Muungano wa Miguel ungedumu zaidi, nadhani. Kwa upande wa baba yeye ni mtu wa nyumba ya Avis, ukoo wa wafalme wa Ureno. Mreno wa Lisbon angeona kwamba mfalme wake ndiye aliyeichukua Castilla, wala asingesema ametawaliwa na jirani. Lakini nyumba ile ilikuwa na udhaifu mmoja ambao mtoto mmoja kupona hauponyi: waliendelea kuoana wao kwa wao. Manuel mwenyewe, baada ya kifo cha Miguel, alimuoa shemeji yake María mwezi Oktoba 1500, kwa ruhusa ya Papa, na mwaka 1518 akamuoa Leonor, mpwa wa wake zake wote wawili waliotangulia. Wazazi wa babu na bibi zake Sebastião wa Ureno walikuwa watu wanne tu, mahali ambapo mtu wa kawaida ana wanane. Miguel angeozwa nani? Kuna Claude wa Ufaransa, aliyezaliwa 1499 na aliyekuwa na haki ya Bretagne kupitia mama yake. Katika historia halisi aliahidiwa Carlos kabla ya kupewa François. Kuna binamu yake Leonor, dada wa Carlos, aliyezaliwa 1498. Kama ningekuwa mshauri wa Fernando ningemtafutia Claude. Kama ningekuwa Fernando mwenyewe, nikiwa na hasira za kugombania Napoli na Ufaransa, nadhani ningempa binamu.

Sasa pwani. Jibu langu haliwafurahishi wengi. Julai na Agosti 1505, Francisco de Almeida alipoipiga Kilwa na kuichoma Mombasa, Miguel angekuwa mvulana anayekaribia miaka saba, anajifunza kupanda farasi mahali fulani Castilla. Aliyetuma meli alikuwa Manuel, na Manuel angekuwa na mipango ileile, fedha ileile na washauri walewale. Tangu mwaka 1499 alijiita bwana wa uvamizi, usafiri na biashara ya Ethiopia, Uarabuni, Uajemi na India. Mzinga haukungoja nani atarithi. Kwa miaka 20 ya kwanza, kwa Mswahili wa Kilwa, uhai wa Miguel haubadilishi chochote.

Mabadiliko yangekuja baadaye, tena kupitia mlango wa Waholanzi. Katika historia halisi, Lisbon ilipoingia chini ya Felipe, maadui wa Felipe wakawa maadui wa Ureno. Waholanzi waliofungiwa bandari za Iberia wakaamua kuja Bahari ya Hindi wenyewe. Kampuni yao ya India ya Mashariki iliundwa mwaka 1602, na mwaka 1607 na 1608 waliizingira ngome ya Wareno kwenye Kisiwa cha Msumbiji. Wakashindwa pale, lakini kwingineko waliwachosha Wareno kwa miongo. Ureno iliyochoka ndiyo iliyopoteza Muscat kwa Waomani mwaka 1650 na Fort Jesus mwaka 1698. Ondoeni mfalme wa Madrid anayepigana na Waholanzi, na Wareno wanabaki na maji yale bila mpinzani mkubwa wa Kaskazini kwa muda mrefu zaidi. Waomani wangekuja, nina hakika. Walikuwa na sababu zao na meli zao. Ila wangekuta ngome zenye askari wengi kuliko walizozikuta. Kwa hiyo ndugu zangu wanaotamani Miguel angeishi ili pwani ipone, nawaomba wafikirie tena. Kifo chake huenda kilifupisha ukaaji wa Wareno Mombasa.

Nimebakiza mtu mmoja: Juana. Alipata taji kwa sababu kaka yake, dada yake na mpwa wake walikufa ndani ya miaka mitatu. Taji hilo ndilo lililomfanya mumewe ashindane na baba yake juu ya nani atawale kwa jina lake, na wote wawili wakaona inafaa watu waamini kwamba hana akili timamu. Mwaka 1509 baba yake alimfungia Tordesillas. Mwanawe Carlos alipokuja, alimwacha palepale, kwa sababu malkia akitoka nje, yeye si mfalme pekee. Alikaa humo hadi kifo chake Aprili 1555, miaka 46, akiwa malkia halali wa Castilla kila siku ya miaka hiyo. Kuhusu afya ya akili yake wanahistoria wanabishana hadi leo, na mimi sitaamua hapa. Ila Miguel angeishi, Juana angekuwa mke wa bwana wa Burgundy, mama wa watoto sita au zaidi, akigombana na Philip juu ya vimada wake katika jumba la Brussels. Ndoa mbaya, ndiyo. Lakini hakuna baba wala mwana ambaye angekuwa na haja ya kumfungia mlango.

Nashukuru kwa kunisikiliza. Mwenyekiti, nipo tayari kwa maswali.